Fukwe za Wageni wa Meli, na Siku Maji Yalipotukimbia Ulenge

Mlinikalisha kwenye kiti chenye mto, mkanivika shada la maua ya plastiki, mkasoma vyeo vyangu kimoja baada ya kingine mpaka pilau ikapoa. Sasa mnaniomba niandike jinsi kazi yetu ya kuongoza watalii ilivyoanza, kwa faida ya vijana. Vyeo nitaviacha, mmeshavisoma. Nitaandika habari za fukwe, maana ndizo zilizonifurahisha maisha yangu yote. Mpaka leo nikiikumbuka siku ya Ulenge hucheka peke yangu jikoni, na mjukuu wangu huja mbio kuangalia bibi ana nini.

Kwanza muelewe hali ilivyokuwa. Miaka ya hamsini mgeni wa Tanga hakushuka na ndege, alikuja na meli. Meli ilitoka Ulaya, ikaizunguka Afrika, na kwetu ilisimama kwa sababu moja tu, katani. Ilitia nanga katikati ya ghuba, matishali, zile mashua bapa za mizigo, yakaanza kwenda na kurudi na marobota, na kazi hiyo ilikula siku nzima au mbili. Abiria walibaki sitahani wakitazama marobota yakipanda. Robota la katani ukiliona moja umeyaona yote. Walianza kugombana wao kwa wao, na nahodha wa meli mmoja akamlalamikia wakala wa meli pale bandarini kwamba Tanga inamharibia abiria. Ndipo ofisi ya wakala ikaamua kuwapeleka ufukweni.

Wakala alikuwa Mzungu mrefu, mkavu, mwenye saa ya mkono aliyoitazama hata akiulizwa jina lake. Sisi tulimwita Bwana Saa. Alitaka mtu wa kuchagua ufukwe na kuwaongoza wageni, na kwa kuwa nusu yao walikuwa wanawake, alitaka mwanamke anayejua Kiingereza. Wanawake wa Tanga waliokuwa na Kiingereza na ruhusa ya kutoka nje kwa siku zile ungeweza kuwakalisha kwenye mkeka mmoja na nafasi ikabaki. Mimi nilisoma shule ya wasichana, nikaolewa, nikaachika baada ya miezi kumi na tisa isiyo na la kusimulia, nikarudi mtaa wa Mabawa kwa kaka yangu Bakari. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na hamu kubwa ya kutoka nje kuliko mtu yeyote Tanga.

“Nitakujaribu kwa meli tatu,” Bwana Saa aliniambia. “Abiria watoke salama, warudi salama, warudi kwa wakati. Hasa kwa wakati.”

Nilitoka pale nikatembea moja kwa moja mpaka Ngamiani, nikapanga chumba. Kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo la kuelekea uani, na mlango wenye kufuli, na ufunguo wa kufuli ukawa wangu. Sijui niwaeleze vipi. Usiku wa kwanza nililala nao mkononi.

Bakari alikasirika. Hakuwa mtu mbaya, ila tangu wazazi wetu wafariki alijiona yeye ndiye baba, mama na serikali. Tena alikuwa na rafiki yake, mtu mzima mwenye wake wawili na pumu, aliyekuwa amekwisha kuleta posa.

“Haya, Zena,” aliniambia. “Meli tatu. Ukishindwa hata moja, nakuja mwenyewe kukuhamisha, unarudi Mabawa, na posa ya rafiki yangu naijibu. Tumeelewana?”

“Tumeelewana, kaka,” nikasema. Ningekubali lolote siku ile, mradi aondoke nikafunge mlango wangu.

Siku ya kwanza ya kazi nilikwenda Raskazone kutafuta ufukwe. Nikafika asubuhi, nikaona maji ya buluu yamejaa mpaka kwenye mchanga mweupe, nikasema kazi yenyewe ndiyo hii, mbona rahisi! Nikaandika kwenye daftari, “Pazuri sana.” Kando yangu alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, mweusi, mwembamba, mdomoni ana tambuu, anaosha ndoo. Nilimjua kwa sura. Alikuwa Bi Mwanakombo wa Chongoleani, aliyekuwa akivuka kuja mjini kuuza pweza mlango kwa mlango, na sauti yake ilitangulia ndoo yake kwa nyumba tatu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Waandika nini, mwanangu?”

Nikamweleza. Akatema tambuu, akanitazama kwa huruma.

“Nenda kale chakula chako cha mchana, kisha uje utazame tena hapa hapa.”

Nilirudi baada ya adhuhuri. Bahari haikuwepo! Palikuwa na tope, mwani, chaza wa kukata miguu, na kaa wanaokimbia huku na huko, na maji yenyewe yako mbali huko ng'ambo. Bi Mwanakombo alikuwa akinisubiri, anacheka mpaka mabega yanatetemeka.

Hapo ndipo nilipopata mwalimu. Kila ufukwe ni fukwe mbili, wa maji kujaa na wa maji kupwa, na mgeni hatakuuliza ulikuwa ukifikiria upi. Kwa muda wa wiki tatu Bi Mwanakombo alinizungusha pwani nzima. Alinionyesha mahali penye usubi, wale wadudu wadogo wanaouma kama wamelipwa. Alinifundisha kwamba wakati wa kaskazi ufukwe huu una mawimbi na ule umetulia, na kusi ikiingia mambo yanageuka. Alinikataza kumkalisha mgeni chini ya mnazi, hata akiomba, hata akitaka kupigwa picha. Alinipa vifaa vyangu vya kazi: chupa ya siki kwa wanaochomwa na kiwavi wa baharini, yule laini kama ute, sindano na papai bichi kwa wanaokanyaga miiba ya uruku, yule nungunungu wa baharini, maana utomvu wa papai huulainisha mwiba, na kijiti kirefu cha mti wa mkarambati cha kupima kina, kile kile akina mama wanachochokolea pweza mwambani. Bwana Saa alinipa filimbi. Filimbi niliipuliza mara moja tu, na mbuzi wakaja.

Zaidi ya yote alinifundisha mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua, yanajaa sana na kupwa sana. Katikati ni maji mafu, hayaendi mbali. Na kila siku inayopita, maji huchelewa karibu saa nzima kasoro kidogo. Kwa hiyo ukijua leo ni siku ya ngapi ya mwezi, unajua saa ya maji. Nilishika hesabu hiyo haraka, nikajiona mwanachuoni.

Meli ya kwanza ilileta bwana na bibi harusi waliotaka ufukwe ambao hakuna binadamu aliyewahi kuukanyaga. Walinieleza hivyo kwa macho yenye maji. Nilikuwa nimewachagulia Mwambani, na Mwambani watu wamekanyaga tangu enzi za Nuhu. Basi nikamtuma Bi Mwanakombo atangulie alfajiri na shoga zake wawili, kila mmoja na kuti la mnazi, wafagie nyayo zote. Walifagia kinyumenyume, kutoka juu mpaka majini, wakaishia wamesimama baharini na nguo zao, na wakabaki humo nyuma ya jiwe mpaka wageni walipofika na kupiga picha. Bibi harusi alilia kwa furaha. Bi Mwanakombo naye alitoka majini amekasirika, akaniambia kwamba amefagia nyumba za waume wawili na hakuna hata mmoja aliyewahi kulia.

Meli ya pili ililala siku mbili, nikapata ujasiri wa kuwapeleka mbali, mpaka Ushongo. Tulikwenda na magari mawili kwa barabara ya vumbi katikati ya mashamba ya katani, tukavuka mto Pangani kwa kivuko, na wageni ishirini wakafika wote rangi moja. Ufukwe wa Ushongo hauna mjadala. Tatizo lilikuwa mavazi. Wavuvi na wake zao walikuwa kwenye shughuli zao, wazee wametoka msikitini, na wageni wangu walikuwa tayari wanafungua vifungo. Nikawasihi wangoje. Nikatoa korija ya kanga, ishirini kamili, nilizobeba, nikasema ni desturi ya kwetu kwamba mgeni hupewa kanga ajifunge kabla ya kuingia majini. Desturi hiyo ilianza dakika ile ile. Walifurahi ajabu. Bwana mmoja mnene, mwenye sharubu, alijifunga yake kifuani akaanza kutembea kwa madaha mbele ya akina mama. Bahati mbaya kanga yake ilikuwa na maneno makali ya kumsuta mke mwenza. Akina mama wa Ushongo walisoma, wakaanguka chini. Walimfuata mchana kutwa wakimwomba ageuke wasome na upande wa pili. Bwana yule aliamini amependwa, na kwa kweli alipendwa.

Nao walirudi kwa wakati. Bwana Saa aliitazama saa yake, akatikisa kichwa mara moja kukubali. Meli mbili zimepita.

Hapo kichwa kikavimba. Nilianza kutembea Ngamiani kama aliyeiumba bahari mwenyewe. Bi Mwanakombo alipopita na ndoo, nilimsalimu kwa haraka nikasema nina kazi nyingi. Meli ya tatu ilipotangazwa sikumuuliza neno. Nilikuwa na hesabu yangu.

Nilichagua Ulenge. Ni kisiwa kwenye mdomo wa bandari, kina mnara wa taa na mchanga safi upande mmoja, na mbele yake mwamba mpana ambao maji yakipwa hutoka wote nje. Ulikuwa mwezi wa mfungo sita, mwezi wa maulidi, na kila mtu mjini alikuwa akihesabu siku kwa ajili ya shughuli. Muuza duka wa jirani yangu alikuwa akiandika tarehe ya mwezi ukutani kwa chaki kila asubuhi. Siku ya meli ukuta ulisema kumi na nne. Kwa hesabu yangu maji yangekuwa yamekupwa kabisa saa tatu na nusu asubuhi. Tukiingia saa mbili, boti ingekaa juu ya mchanga kidogo, ikaelea tena saa tano, na saa sita tungekuwa melini. Meli ilikuwa ing'oe nanga saa saba. Hesabu safi, hata mwalimu angeipiga muhuri.

Tulitoka wageni ishirini na wanne, mimi, na Saidi, dereva wa boti ya mashine, mtu mpole asiyependa maneno. Miongoni mwa wageni alikuwamo bibi mmoja mzee, mfupi, anayetembelea fimbo, mwenye kofia pana kama ungo. Nilimwita Bibi Kofia. Tulipofika Ulenge tulikuta maji mengi kuliko nilivyotazamia.

“Nitie nanga hapa nje?” Saidi akauliza.

“Ya nini? Maji yote haya! Mfikishe bibi mchangani asilowe.”

Saidi alinitazama, akatazama maji, akanitazama tena. Kisha akaipeleka boti mpaka juu kabisa, Bibi Kofia akashuka bila kulowesha hata soli. Wageni wakanipigia makofi. Nami nikainama kupokea makofi, mjinga mimi.

Asubuhi ile ilikuwa tamu. Waliogelea, wakala mikate yao, wakaota jua mpaka wakabadilika rangi. Maji yakaondoka, mwamba ukatoka, na mbali kule ukingoni nikawaona akina mama wameinama na vijiti vyao wakichokoa pweza. Nikafurahi kuwaona. Ilipofika saa tano kasorobo nikawaita wageni wakusanye vitu. Nikageuka kuitazama boti. Imelala ubavu juu ya mchanga mkavu, na Saidi amelala kivulini mwake.

Nikatazama ukingoni. Akina mama bado wapo.

Wachokoa pweza hawabaki mwambani maji yakianza kurudi, huondoka mara moja, maana watoto wa wenzao wamezama kwa uchelewaji huo. Kama bado wameinama saa hizi, basi maji hayajarudi. Kama hayajarudi, hesabu yangu ina kasoro. Nilikimbia mwambani na viatu mkononi, nikiruka madimbwi, mpaka nikamfikia wa kwanza. Alikuwa Bi Mwanakombo.

“Bibi, shikamoo, maji! Maji mbona hayarudi?”

“Marahaba. Yarudi yende wapi? Yamegeuka sasa hivi tu.”

“Lakini leo mwezi kumi na nne!”

“Nani kakwambia?”

“Mji mzima!”

Akajinyoosha, mkono kiunoni. “Mji mzima haukuuona mwezi, mwanangu. Palikuwa na wingu, mkakamilisha thelathini, sawa, ndivyo dini ilivyosema. Lakini bahari haikungoja wingu liondoke. Leo ni kumi na tano. Miye nahesabu kwa maji. Weye wahesabu kwa chaki?”

Mwaona kosa lenyewe? Siku moja tu ya mwezi. Tulifika maji yakiwa bado mengi, ndiyo maana boti ikapanda juu kule, na sasa ingengoja mpaka karibu saa saba ielee. Meli ingetoka na nafasi ishirini na nne tupu. Kichwani nilimwona Bakari mlangoni. Nikamsikia na rafiki yake anakohoa. Nikakaa juu ya mwamba, nikaanza kulia kwa sauti, na sikuona haya.

“Basi, basi,” akasema Bi Mwanakombo. “Wangapi?”

“Ishirini na wanne.”

Akaangalia mitumbwi yao sita, imeegeshwa penye kina nje ya mwamba. Akahesabu kwa vidole. “Twaweza. Lakini nikimpakia Mzungu, pweza wangu akae wapi?”

Nikafuta machozi. “Akae mapajani mwa Mzungu.”

Akacheka kicheko kile cha mabega, akawapigia wenzake ukelele, na mwamba mzima ukacheka.

Sasa ndugu zangu, iwekeni akilini picha hii. Wazungu ishirini na wanne, kanga viunoni, viatu shingoni kwa kamba zake, wengine wamevalishwa makubazi ya mpira wa gari, wanavuka mwamba wa Ulenge kwa mstari mmoja. Mbele Bi Mwanakombo na kijiti, anapiga kelele kwa Kiswahili kitupu, “Kanyaga nilipokanyaga! Hapo uruku! Weye mrefu, kwani huna macho?” Nao wanaitikia kwa pamoja, bila kuelewa neno. Bibi Kofia alibebwa na Saidi mgongoni, akiwa ameshika fimbo mbele kama nahodha anayeonyesha njia, na kila alipoyumba alipiga kelele za furaha. Nilidhani wangekasirika. Kumbe walikuwa wamekaa wiki tatu sitahani wakisubiri jambo kama hili.

Mitumbwini kila mmoja alikabidhiwa pweza wake. Kijana mmoja alikataa, Bi Mwanakombo akamwekea wawili. Maji yalikuwa yanaingia bandarini, yakatusukuma, na akina mama wakapiga kafi na kuimba, na Wazungu wakaimba wimbo wao mwingine kabisa, na nyimbo mbili hizo zikaenda pamoja vibaya mpaka katikati ya ghuba. Meli ilipiga honi. Sisi tukapiga vigelegele. Abiria waliobaki walijaa upande mmoja wa sitaha wakipunga vitambaa, na makuli kwenye matishali wakaacha marobota wakapanda juu yake ili waone vizuri.

Bwana Saa alikuwa amesimama chini ya ngazi ya meli, kwenye boti yake ndogo, mkono umeinuliwa, saa usoni. Walipanda mmoja mmoja, wamelowa, wanacheka, na pweza. Bibi Kofia alipanda wa mwisho. Alimwekea Bwana Saa pweza wake mikononi kwa heshima kubwa, ili awe na mikono ya kushika ngazi, na hakurudi kumchukua.

“Ishirini na wanne,” akasema Bwana Saa. “Saa sita na dakika tatu.” Kisha akaniuliza, akiwa bado ameshika pweza, “Boti yangu ya mashine iko wapi?”

Saidi alininong'oneza kutoka nyuma. “Sema injini imekufa. Mimi nitakubali.”

Lilikuwa neno jepesi, na lilinifika mpaka kwenye ulimi. Lakini Saidi aliniuliza asubuhi atie nanga nje, nami ndiye niliyemkataza. Isitoshe yeye naye alikuwa na kazi yake.

“Iko juu ya mchanga, Bwana. Saidi hana kosa. Nilikosea siku ya mwezi.”

Alimwashiria Saidi arudi na mitumbwi kuifuata boti. Aliniamuru nimfuate ofisini. Njia nzima nilikuwa nikipanga kichwani kitanda kitapita vipi mlangoni.

Ofisini alinitaka nieleze, nikaeleza yote: wingu, thelathini, chaki ya muuza duka, bamvua, akina mama wa Chongoleani. Alinisikiliza pasipo kuitazama saa yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Nilipomaliza alifungua mtoto wa meza yake kwa ufunguo. Akatoa kitabu chembamba chenye jalada gumu, akapuliza vumbi, akafungua, akaweka kidole. Nikasoma. Kilikuwa kitabu cha maji. Maji ya kila siku ya mwaka, kujaa na kupwa, saa na dakika, yamepigwa chapa. Siku ya leo, maji kupwa, saa nne na dakika ishirini.

“Bwana,” nikasema polepole, “kitabu hiki kimekuwapo humu siku zote?”

Masikio yake yakaanza kuwa mekundu, kwanza moja, halafu la pili.

“Nilidhani unajua,” akasema.

“Kwamba kimo kwenye meza yako, kwa kufuli?”

Tulitazamana. Nguo zangu zilikuwa zinadondosha maji ya chumvi sakafuni kwake, na shati lake lilikuwa na wino wa pweza kifuani. Sijui nani alianza kucheka. Najua tu kwamba makarani walikuja kuchungulia mlangoni, na wakamkuta Bwana Saa ameegemea kabati anafuta macho, na mimi nimekaa chini. Alipopata pumzi alinisukumia kitabu.

“Chukua. Alhamisi kuna meli nyingine. Nao watataka pweza.”

“Basi Bi Mwanakombo alipwe kama mimi.”

“Na alipwe,” akasema, na mara hiyo akaitazama saa.

Jioni ile ile nilimwonyesha Bi Mwanakombo kitabu. Alinitaka nimsomee siku tatu zijazo, akakubali mbili, na ya tatu akasema kwa Ulenge imekosea dakika kumi. Nilikwenda kupima siku hiyo na kijiti. Ilikuwa imekosea dakika kumi. Kwa hiyo nyinyi wenye ratiba za maji kwenye mashine zenu, someni, kisha mwulizeni mwenye ndoo.

Lakini nimeruka jambo moja, na ndilo kubwa. Kabla ya jioni, saa tisa alasiri hivi, nilikuwa chumbani kwangu natundika nguo zilizolowa. Habari Tanga hukimbia kuliko boti, na iliyomfikia Bakari ilisema Zena amezamisha Wazungu. Nikasikia magurudumu uani. Nikafungua dirisha. Kaka yangu amesimama na mkokoteni, hamali wawili, na kamba mpya.

“Nimekuja,” akasema kwa sauti ya msibani. “Tulikubaliana. Anza na kitanda.”

Nikatoka, nikasimama kizingitini. Nikampa kitabu cha maji akishike, na barua fupi ya Bwana Saa aliyoiandika mbele yangu, kwamba jaribio limekwisha na kazi ni yangu. Akasoma barua. Akairudia. Midomo yake ikacheza. Hamali wakatazamana, mmoja akaanza kukunja kamba.

“Wote wazima?” akauliza.

“Wote. Wameondoka na pweza.”

Akakaa juu ya mkokoteni wake mtupu, akavua kofia, akajipepea. Kaka yangu, aliyekuja na sauti ya msibani, alikuwa anajizuia asicheke mbele ya hamali.

“Sasa huyu rafiki yangu nitamwambia nini?”

“Mwambie nina kazi. Lakini kaka, maadamu mkokoteni upo na hamali wapo, kule Mabawa limebaki kabati la mama, na sanduku langu, na kile kinu. Unaonaje?”

Akavaa kofia yake, akawaambia hamali wageuze, na yeye mwenyewe akashika mpini wa mbele. Kabati la mama lilifika kabla ya magharibi, na Bakari ndiye aliyeliingiza chumbani mwangu, akaniuliza nataka likae ukuta gani.